Hatibu na Mbao za Mwembe za Mkwaja

Mdogo wangu Hatibu ameshachoma kila kitu cha mti kilichomo nyumbani kwangu. Amechoma mlango wa mbele, meza, kabati la vyombo, mwiko na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi aliichoma nikiwa nimeikalia. Akasoma namba, akaniambia kwa sauti ya daktari kwamba mbuzi ni mzima, wasiwasi wake ni kwa aliyemkalia.

Si wazimu. Ni kazi yake, ila anaileta nyumbani kama wengine wanavyoleta samaki. Ana kidude kinachokaa kiganjani, mbele kimetokeza sindano mbili fupi. Unazididimiza kwenye ubao, kidude kinapitisha umeme mdogo sana kutoka sindano moja hadi ya pili, kisha kinaonyesha namba, asilimia ya maji. Ubao wenye maji unaupitisha umeme kwa urahisi, namba inapanda. Ubao mkavu unaukatalia, namba inashuka. Hapa kwetu Tanga, ambako hewa yenyewe ina majimaji, ubao wa fanicha unatakiwa usome kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne mpimaji akiwa mkarimu. Ukizidi hapo, mlango utakaoutengeneza leo utakuja kunywea wenyewe, na paka atapita pembeni bila kubisha hodi.

Anafanya kazi Usagara, kwenye yadi ya mbao ya Bi Gulshan Lalji, mama mpole anayeongea kidogo na kuona kila kitu. Yadi ina tanuri la kukaushia mbao, na mafundi wasio na tanuri huleta mbao zao hapo zipimwe. Hatibu akiridhika anapiga mstari wa chaki ya kijani. Asiporidhika anachora kosa kwa chaki nyekundu, kubwa, kama mwalimu aliyeamka vibaya. Wenye hoteli za Ushongo hawapokei hata kigoda mpaka waambiwe kilitokana na mbao za kijani. Kwa hiyo mafundi wanamwogopa, na kwa kuwa ni mcheshi, wanamwogopa huku wanacheka. Fundi Edgar aliwahi kuambiwa kwamba ubao wake una mimba, asiunyanyue peke yake. Mpaka leo akifika yadi anaulizwa mtoto hajambo.

Mke wa Hatibu alifariki, Mungu amrehemu, na tangu hapo anaishi kwangu. Nilimpokea kwa moyo mmoja. Lakini mtu mzima anayekula amesimama jikoni, anayekukosoa nazi ulivyoikuna, na anayewachoma wageni wako viatu vya mti ili kuwachekesha, anachosha. Nilimwonea huruma na nilikuwa nimemchoka, vyote viwili kwa pamoja. Nilitaka aoe. Nilitaka kwa ajili yake, na nilitaka kwa ajili ya jiko langu.

Naye, kumbe, alikuwa ameshamwona Saleha.

Saleha ni muoka mikate. Ana oveni ya gesi uani kwake, mtaa wa pili kutoka yadi, na boflo zake zinaisha zikiwa bado za moto. Aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi kuishi karibu na kaka yake Masoud, fundi seremala wa hapohapo Usagara. Asili yao ni Mkwaja, kule kusini ya Pangani. Baba yao amekufa, kwa hiyo Masoud ndiye walii wake, na anayemtaka Saleha lazima apite kwa Masoud. Hatibu alianza kununua boflo asubuhi, kisha asubuhi na jioni. Nyumbani tulikuwa wawili. Mikate ilikuwa inaota ukungu kabatini, nami nikaelewa bila kuambiwa.

Tukakubaliana tupeleke posa Ijumaa baada ya alasiri: mimi na mjomba wetu Shekhe. Shekhe ni jina lake, si cheo chake, na ukimsikia akisoma hutauliza mara mbili. Sasa, yaliyotokea Alhamisi yake sisi tuliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa mahali pake ili nawe usije ukaingia kichwa kichwa kama tulivyoingia sisi.

Alhamisi hiyo Masoud alifika yadi na shehena ya mbao za mwembe. Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, vitanda vya hoteli moja ya Ushongo, na mwenye hoteli alitaka kijani. Mbao alizitoa Mkwaja kwenye banda la marehemu baba yake, aliyekuwa fundi pia. Zilikuwa zimekaa humo miaka na miaka. Masoud aliziteremsha kwa kujidai kidogo, na haki yake, maana mbao zilikuwa pana na zimenyooka, hazina hata tundu moja la mdudu.

Hatibu akachoma wa kwanza. Ishirini na sita. Akachoma wa pili, ishirini na nne. Akageuza, akachoma upande wa chini, akasogea katikati, ileile. Chaki nyekundu.

"Hatibu, mbao hizi zimekauka tangu baba yu hai," Masoud akasema. "Zilikuwa ndani ya banda. Hazijaona mvua."

Mafundi wote walikuwa wanasikiliza. Mtu mwingine angesema pole, tuzipime tena kesho. Lakini mdogo wangu neno likishamfika ulimini halirudi, hata kama anayeambiwa ni kaka wa mwanamke anayetaka kumwoa.

"Basi marehemu alikuwa anaingia bandani kuzimwagilia," akasema.

Yadi nzima ikacheka. Edgar alicheka mpaka akakaa chini, maana hatimaye alipatikana mwingine wa kuchekwa. Masoud hakucheka. Alizipanga mbao zake upande mmoja wa yadi, akazifunika turubai, akaondoka.

Ijumaa mimi na Mjomba Shekhe tukaenda, tumejitia udi, hatujui hili wala lile. Masoud alitupokea kwa adabu zote. Akatuletea kahawa, akatuletea halua, akamsikiliza Mjomba Shekhe akizunguka na maneno ya posa mpaka akajipoteza humo ndani na mimi nikamtoa. Tulipomaliza, Masoud akaweka kikombe chini.

"Mjomba, na wewe dada Nasra, sina neno na nyumba yenu," akasema. "Ni watu wa heshima, mimi nawajua. Ila nina swali moja. Jana Hatibu amemtania baba yangu marehemu mbele ya mafundi wote wa Usagara. Leo anamtaka binti wa marehemu huyohuyo. Mngekuwa mie, mngejibuje?"

Akatueleza yote. Mjomba Shekhe akaniangalia mimi, nami nikaiangalia kahawa. Nyuma ya pazia la ndani nikaona vidole vya miguu vya Saleha vilivyotiwa hina, vimesimama kimya, kisha vikageuka vikaenda zao. Hapo ndipo nilipoumia, maana aliyekufa hakuwa baba wa Masoud peke yake.

Nyumbani sikumpa Hatibu nafasi ya kuvua kofia. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo na mengine niliyakopa. Alisikiliza. Alipojua kwamba Saleha alikuwa nyuma ya pazia, uso ulimshuka, akakaa. Nilikuwa sijamwona akikaa jikoni kwangu.

"Kwa utani ule nitaomba radhi," akasema. "Ulikuwa utani wa kijinga, dada. Lakini mbao ni mbichi."

"Mwenyewe anasema ni kavu."

"Mashine inasema ishirini na sita. Unataka niseme kavu ili nipate mke? Vile vitanda vipasuke Ushongo, Masoud aharibikiwe, halafu mie nimelala raha mustarehe na dada yake?"

Nilimwona mpumbavu, na palepale nikamheshimu, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimnyima chai.

Jumamosi asubuhi Saleha akabisha hodi kwangu. Hatibu alikuwa uani anafua. Saleha hakuja na mikate. Alifungua ncha ya kanga yake, akatoa kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja.

"Dada Nasra, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nami ninaona haya hata kukutazama."

"Haya aone mwenyewe," akasema. "Mie nimekuja na hiki. Nimekikata jana kwenye mbao za baba, kule yadi. Kirambe."

Nimeombwa mengi maishani, lakini sikuwahi kuombwa kuramba ubao. Nikauramba. Ulikuwa na chumvi, na si chumvi ya mkono wa mtu. Ilikuwa imeingia ndani.

"Kwetu Mkwaja mwembe hauachwi hivihivi," Saleha akasema, na sauti aliipandisha ili ifike uani. "Mwembe unaliwa na bungua kabla hujamaliza kuupasua. Baba alikuwa anazizamisha mbao kwenye mkono wa bahari, anazigandamiza kwa mawe, zinakaa humo mpaka chumvi iingie. Kisha anazitoa, anazianika kivulini, anaziweka bandani. Sisi watoto tulikuwa tunazikalia tukioga. Kila fundi wa kule anafanya hivyo. Mie sijui mashine. Nauliza tu, mashine ya mdogo wako inajua chumvi?"

Huko uani maji yaliacha kumwagika. Hatibu akatokea mlangoni na povu mpaka viwikoni. Alichukua kile kipande, akakiramba, akakiramba tena upande wa pili. Nikamwona anabadilika rangi.

Alikuwa anajua, ndilo lililomuuma. Siku alipofundishwa kazi aliambiwa wazi kwamba chumvi inapitisha umeme, na ubao wenye chumvi utaidanganya mashine hata kama hauna maji. Lakini mbao zote za yadi zinatoka juu, mitiki ya Muheza na paini za Lushoto, mbao zisizowahi kuonja bahari. Lile somo lilikosa kazi, akalisahau. Na fundi wa Mkwaja gani angefikiri kutaja? Kwao kuzamisha mbao baharini ni kama kuosha mchele, haliwi jambo la kusimulia.

"Kuna njia ya kujua," akasema polepole. "Unapima uzito wa ubao, unauoka mpaka uzito ukatae kushuka, unapima tena. Kilichopungua ni maji. Chumvi haiondoki na mvuke." Akatazama chini. "Tanuri la yadi limejaa mbao za watu, haliwezi kufunguliwa. Panatakiwa oveni ndogo."

Saleha akanigeukia mimi.

"Mwambie boflo zinatoka saa nne," akasema. "Baada ya hapo oveni iko wazi. Na aje na wewe, watu wasiseme."

Basi tukaenda kuoka ubao. Hatibu aliukata vipande vyembamba, akavipima kwenye mizani ya kupimia hamira, akavipanga kwenye trei ileile ya mikate. Moto ukawekwa mdogo, wa kukausha tu, usije ukaunguza. Kila baada ya kitambo alivitoa, akavipima, akavirudisha. Saleha alikuwa anakanda unga wa jioni na hakumsemesha. Hatibu alijaribu kichekesho kimoja kuhusu mkate wenye nyuzi. Kilianguka sakafuni, hakuna aliyekiokota. Akaacha.

Mteja akachungulia akiuliza humo ndani kunanukia nini. "Boflo ya mwembe," Saleha akasema bila kuinua macho. "Haijaiva." Nikageukia ukutani nicheke, na nilipogeuka tena nikaona mabega ya Hatibu yanatikisika. Saleha aliyaona pia. Aliukanda unga kwa nguvu zaidi kuliko ulivyohitaji.

Mizani ilipoacha kushuka, Hatibu akapiga hesabu kwenye simu. Akapiga tena. Asilimia kumi na moja. Mbao za marehemu zilikuwa kavu kuliko nyingi alizowahi kuzipigia kijani.

"Nitakwenda kwa kaka yako sasa hivi," akamwambia Saleha.

"Ulitania nyumbani kwake?"

"La. Yadi."

"Basi kwake unakwenda kufanya nini?"

Jumatatu nilienda yadi, nikasingizia natafuta kipande cha kutengenezea kigoda. Bi Gulshan alinitazama mara moja tu, akaniletea kiti. Mafundi walikuwepo wote, na Masoud alikuja kuchukua mbao zake azipeleke kwingine. Hatibu akaomba asikilizwe. Nyuso zote zikajiandaa kucheka, kwa mazoea, na Edgar tayari alikuwa ameshika mbavu.

"Mbao za Masoud ni kavu," Hatibu akasema. "Zilizamishwa baharini, zina chumvi, na chumvi inaidanganya mashine. Hilo nilifundishwa, nikalisahau. Nimezioka, zina kumi na moja. Marehemu alijua kazi yake. Mimi nilimtania mbele yenu kwa jambo ambalo yeye alilijua na mimi silijui. Nimekosa. Masoud, niwie radhi."

Walisubiri mkia wa maneno, ile sehemu ya kuchekesha. Haukuja. Hatibu akafunua turubai, akashika pindo la shati lake jeupe, akaanza kufuta chaki nyekundu, ubao baada ya ubao. Shati likawa kama la mchinjaji. Hakuna aliyecheka, na kwa mtu kama Hatibu ule ukimya ni adhabu tosha. Nilitamani nikamshike mkono, dada mtu. Kisha akapiga kijani.

"Kwangu yamekwisha," Masoud akasema, akampa mkono. Hatibu akashusha pumzi mapema mno. "Lakini sikutaniwa mie. Aliyetaniwa yuko Mkwaja, na huyo hapokei simu."

Kuhusu Saleha hakusema neno. Wala hakusema siku zilizofuata. Alitengeneza vitanda vyake taratibu, akavipiga msasa taratibu, na Hatibu kila akipita anaambiwa bado, bado, vitanda kwanza. Nilimwona mdogo wangu anakonda. Alikula alichopewa, hata nazi hakuikosoa, na nikajikuta ninaikuna vibaya makusudi ili aseme kitu.

Vitanda vilipokwisha, Masoud akaazima pikapu. Mbele alikaa yeye, Saleha na mimi. Hatibu aliwekwa nyuma pamoja na vitanda. Kufika Pangani tulimsikia anasalimiana na mji mzima, tukageuka, tukamkuta amelala chali juu ya kitanda cha hoteli, mkono chini ya kichwa, anapungia watu. Masoud alitikisa kichwa. Saleha alitazama nje upande wa pili, na kioo kikanionyesha anauma mdomo usicheke. Ushongo vitanda vikapokelewa, vikapigwapigwa, vikasifiwa. Tukaendelea kusini mpaka Mkwaja.

Wanawake hatukuingia makaburini. Tulisimama kando ya ua wa miti, mimi na Saleha, kanga tumejifunika. Wanaume wakaingia, wakavua viatu, wakamsomea marehemu. Walipomaliza kuitikia dua, Masoud akarudi hatua nyuma, akampisha Hatibu aombe alichokuja kukiomba.

Nilimjua mdogo wangu tangu akiwa mgongoni. Alivyokohoa tu, nikajua ana jambo.

"Mzee," akasema, na hakusema kwa sauti ya makaburini. Alisema kwa sauti ya kufika uani tuliposimama. "Mimi Hatibu, mpima mbao wa Usagara. Nilikutania na mbao zako zilikuwa kavu. Nimekosa, nisamehe. Vitanda vya mbao hizo nimevilalia mwenyewe kutoka Tanga, havikutoa hata sauti. La pili, Mzee, nilipeleka posa ya binti yako, sijajibiwa. Wewe ndiye mwenyewe, kwa hiyo nimeileta kwako. Mwanao Masoud yuko hapa nyuma yangu. Ajibu kwa niaba yako."

Masoud alisimama peku, mdomo wazi. Alitaka kukasirika, nikamwona anatafuta hasira mfukoni na haipati. Atakataaje mbele ya baba yake? Na atakubalije kwa kutegwa?

"Mtu huyu hana adabu hata mahali hapa," akasema mwishowe, anatazama kaburi. "Baba alikuwa hivihivi. Alimposa mama msibani." Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Kwangu sina pingamizi. Aulizwe mwenyewe."

Akageuka kuelekea uani. "Saleha, umesikia?"

"Nimesikia."

Mwali akiulizwa hunyamaza, na watu huelewa kwamba amekubali. Aliyewahi kuolewa hawezi kujificha humo. Lazima atamke, asikike. Saleha alijua hivyo. Alishika ule ua kwa mikono miwili, na hakumtazama Hatibu wala kaka yake.

"Baba," akasema, "huyu nimemkubali. Mdomo wake nitauzoea. Akikutania tena nitamrudisha hapahapa, na siku hiyo atakuja kwa miguu kutoka Tanga."

Hatibu akainama kutafuta viatu vyake, akavaa vya Masoud.